Saba Iliyokatwa Katikati

Dada yangu,

Huku wazima, wifi yako kapaka jiko rangi. Kengele ya lifti bado naisikia, ingawa lifti yenyewe iling'olewa tangu yule mama mfagiaji aanguke nayo.

Shtaka langu la kutunza vibaya daftari la ukaguzi wa lifti lilipitwa na muda, tukashangilia. Jana mwendesha mashtaka kalibadilisha: sasa ni kughushi, nako hakuna ukomo wa muda wa kushtakiwa. Hakimu akaniuliza, "Saba hii kwenye tarehe, iliyokatwa katikati kwa kistari, ni mwandiko wako?"

Siku ile ya ukaguzi nilikuwa hoi kwa homa, ukanijazia daftari kwa saba zako hizo ili nisifukuzwe kazi.

Nikajibu, "Wangu, mheshimiwa."

Usinijibu kwa barua, hata tarehe usiandike. Tangu jana najifunza kukata saba.

Kaka yako