Papa Arnold, Uliniachia Maneno Mawili

Papa Arnold,

Koti lako bado liko kwenye msumari nyuma ya mlango wa ofisi. Hakuna aliyeniambia niliondoe, nami siulizi. Unajua ninavyoogopa kuuliza. Ulinikataza kukuita Mheshimiwa, ukataka niseme Arnold tu, na mimi sikuweza kumtaja mzee wa umri wako kwa jina kavu namna hiyo. Tukakubaliana Papa Arnold, kama tunavyowaita baba zetu. Wageni wako kutoka London walipocheka, uliwaambia, "Hicho ndicho cheo pekee nilichopata bila kupigiwa kura."

Jana tulifanya kumbukumbu yako katika ukumbi mdogo hapa Ixelles. Mimi karani wako niliombwa niseme maneno machache, kwa kuwa ndimi niliyekuwa nawe hospitali. Kabla sijaingia, Bwana Colin, msaidizi wako tangu ulipokuwa ukiongoza chama kule Uingereza, alinishika bega kwenye korido. "Kijana, sema alisimama imara mpaka mwisho. Kuwarudisha wale wagomaji wa bandari kazini ndiko kulikookoa chama." Alipogeuka tu, akaja Jo, yule dada wa vijana wa chama. "Mgomo ule aliuvunja yeye. Sema alijuta. Baba yangu alikuwa bandarini, anasubiri neno hilo mpaka leo."

Nikawajibu ndiyo wote wawili. Ndiyo, Bwana Colin. Ndiyo, dada Jo. Papa, ningefanyaje?

Mbele ya watu nikashika njia niliyoijua. Kwetu Bukavu, aliyemuuguza marehemu husimama msibani akaeleza ugonjwa tangu ulipoanza mpaka pumzi ya mwisho, ili ndugu wasikie, watulie. Bon, basi, nikaeleza. Kikohozi kwenye ngazi. Gari la wagonjwa mpaka hospitali ya Woluwe. Ulivyomuuliza nesi kama wakubwa wake wanampa muda wa kupumzika, naye akakujibu, "Papa, lala, mgonjwa ni wewe." Kisha siku yako ya mwisho. Asubuhi ulitazama dirishani, ukasema juu ya bandari, "Nilifanya sawa." Alasiri, dirisha lile lile, ukasema, "Wale watu walikuwa na watoto, unajua." Sikuongeza kitu. Sikupunguza.

Baadaye ndipo nikaambiwa kwamba kwenu, mahali kama pale, watu husimulia vichekesho vya marehemu ili wengine wacheke. Mimi niliwaletea kikohozi. Bwana Colin alitazama viatu vyake. Jo alikunja mikono. Halafu binti yako Helen, ambaye siku ile ya mwisho hakuwahi ndege, akauliza kutoka kiti cha mbele, "Alikula?"

Nikamwambia ulikula. Mara ya kwanza uliikataa supu, nikakuuliza maman yangu akisikia nimekuacha na njaa nitamwambia nini, ukafungua mdomo kama mtoto. Helen alilia kwa sauti, kama wanavyolia watu wa kwetu, na mimi nikabaki nimesimama pale bila kujua kama nikae au niendelee.

Mlangoni Bwana Colin aliniambia tu, "Tuonane Jumatatu." Sasa mkataba wangu uko mikononi mwake. Sijui kama nilikutetea au nilikuaibisha. Jo alinipa mkono, na sikuelewa ule mkono. Na zaidi ya yote, Papa, neno lipi kati ya yale mawili lilikuwa lako? Nilikuwa pale pale, nimeshika bakuli. Ulitaka nichukue la asubuhi au la alasiri? Au yote mawili yalikuwa yako, na hata wewe hukuwa umejua?

Bon. Pumzika, Papa Arnold. Koti nitampelekea Helen akilitaka, mpaka hapo litakaa pale pale. Na Jumatatu wakinitaka nichague, sitakuchagulia. Nitawaambia la asubuhi, nitawaambia la alasiri, na nitawaambia ulikula.

Karani wako,
Espoir