Mama Ni Mfinyanzi, Nami Nilisema Mfugaji

Buffalo, Jumamosi, Februari 2015

Theluji imeziba mlango wa nyuma tena. Leo sina zamu, na sijisikii vizuri. Si ugonjwa. Ni aibu.

Jumatano nilikuwa kazini Lackawanna, mji wa jirani, kwenye nyumba ya wazee, nikimvisha soksi mzee mmoja aitwaye Töpfer. Binti yangu Neema, wa miaka kumi na mmoja, alikuwa amepewa kazi shuleni: aeleze mababu zake walifanya kazi gani. Nikiiwaza kazi hiyo, nikamuuliza mzee jina lake lina maana gani. Uso ukamchangamka. Akasema zamani kwao Ujerumani mtu alikuwa na jina moja tu. Miji ilipojaa, akina Hans wakawa wengi mno, ikabidi watofautishwe kwa kazi zao. Schmidt ni mhunzi. Müller ni msaga nafaka. Schneider ni fundi wa nguo. Baadaye watoto wakabaki na jina hata kama kazi yenyewe hawakuijua.

"Na Töpfer?"

"Mfinyanzi!" Aliisema kama mtu anayetaja cheo. "Na ninyi kwenu?"

Mama yangu ni mfinyanzi.

Nikamjibu, "Wafugaji. Ng'ombe wengi."

Sisi ni Watwa wa Burundi, watu wa ufinyanzi wanaodharauliwa na majirani. Vyungu vya Mama vilinunuliwa na kila mtu, lakini yeye mwenyewe hakukaribishwa kula na walionunua. Hata kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania, kabla hatujaletwa huku, walikuwapo majirani wasiokubali kunywa kwenye kikombe chetu. Nilianza kujiita mfugaji hukohuko, kwa kuwa wenye ng'ombe waliheshimiwa.

Jioni ile Neema akanikalisha na daftari lake, nami nikarudia uongo uleule. Mama, tunayeishi naye, alikuwa palepale akimenya viazi. Akainua kichwa.

"Mimi sijawahi kufuga hata mbuzi," alisema taratibu.

Neema akanitazama. Nikamwambia, "Bibi anasahau siku hizi."

Mama hasahau chochote.

Aliendelea kumenya. Jana Neema aliusoma uongo wangu mbele ya darasa, akarudi na karatasi yenye nyota ya pongezi, akaibandika kwenye friji. Mama hajui kusoma, akauliza imeandikwa nini. Neema akamsomea, akitafuta Kiswahili neno kwa neno: ng'ombe, malisho, maziwa. Nilikuwa nimesimama kwenye sinki. Sikuweza kugeuka.

Leo asubuhi nimewaita wote wawili nikasema ukweli. Nimempigia Mama magoti.

"Hao ng'ombe wako nimewazoea tangu kambini," akaniambia. "Lakini kumwambia mtoto kwamba akili zangu zimepotea, mwanangu, hilo liliniuma."

Neema aliuliza kwa Kiingereza, "Kwa hiyo Bibi hasahau?"

"Hasahau."

Akaondoka mezani bila kuniangalia.

Mama amesema amenisamehe, na ninamwamini. Neema bado hajanisemesha. Wako chumbani sasa, mlango umefungwa, na nasikia Mama akimweleza udongo mzuri unavyotambulika kwa kuupapasa, na kwa nini chungu kikikaushwa haraka kinapasuka. Anaongea bila kusita, kama mtu aliyesubiri kuulizwa. Nimelelewa katikati ya vyungu hivyo, na mimi sikumuuliza hata siku moja.

Nigonge mlango, au niwaache kwanza?