Jina Linaloitikwa kwa Injini

Makongeni, Nairobi
Jumatatu

Baba mpendwa,

Pokea salamu zangu za moyo, wewe na dada Kamene anayekutunza. Natumaini mguu umepunguza maumivu, na kwamba mvua ya Kitui imewakumbuka safari hii. Sisi huku tu wazima, ila mimi usingizi umenihama. Utashangaa kupata barua wakati tunaongea kila Jumapili. Ningepiga simu, lakini kwenye simu nimezoea kukudanganya.

Nianze na chama chetu cha magari ya mbio. Bado tunakutana kiwanjani Jumapili saa tatu asubuhi, bado naiweka simu juu ya stuli, nawe unaita majina kutoka huko kama ulivyoyaita hapa miaka ishirini, kila mwenye jina akiitika kwa kungurumisha injini yake. Okumu bado anaitika kama anayefukuza mbwa. Lakini tumebaki wanne, Baba, na tulikuwa saba.

Unaikumbuka kura ya Machi. Kate, yule binti mwenye gereji mtaa wa Baba Dogo, na wenzake wawili walikuwa wametoa injini za petroli wakaweka mota za umeme. Alitueleza kwamba petroli haishikiki, spea hazipatikani, na chama kikikataa umeme, baada ya miaka kumi kitabaki picha ukutani. Mwenzetu Ubaid alimuunga mkono nusunusu, kama kawaida yake. Wewe ukasema kwa simu kwamba gari lisiloitika si mwanachama, na neno lako likawa sheria. Mimi katibu ndiye niliyeyafuta majina matatu daftarini. Kate alinitazama, akachukua ufunguo wake, akaenda zake.

Sasa niseme lililonikalisha kuandika. Mwezi wa Januari, kwenye barabara ya Outer Ring, vijana wa Dandora waliniringia na gari lao jipya. Nikakanyaga mafuta. Niliona sindano ya joto imepanda hadi kwenye nyekundu, na wewe ulinifundisha kwamba ikifika hapo nisimame. Sikusimama. Nilitaka wanione. Karibu na Baba Dogo injini ikakwama, ile uliyoifunga kwa mikono yako mwenyewe, na haikuwaka tena.

Kate ndiye aliyenipokea. Aliifungua, akaniambia imenoki kabisa, hakuna cha kuokoa. Akaniwekea mota ya umeme. Nikamwomba pia afiche spika chini ya boneti, icheze sauti ya injini niliyokuwa nimeirekodi kwa simu Desemba. Alikataa siku mbili, akisema mzee si mtoto wa kufichwa mambo. Nililia mbele yake, Baba, ndipo akakubali shingo upande.

Kwa hiyo siku ile ya kura gari letu halikuwa na injini, na Kate alijua. Angetamka neno moja tu, ningefutwa mimi. Alinyamaza kwa ajili yako, nami nikamfuta. Naona haya.

Jana asubuhi uliniambia tena nisafishe kabureta, kwamba gari linakohoa palepale kila wiki. Nikakuitikia kwamba nitasafisha. Kabureta iko chini ya kitanda changu, imefungwa kwa gazeti; kinachokohoa ni ile rekodi. Nadhani umeshajua, maana fundi wa reli kama wewe hadanganywi masikio, na njia ya mwongo ni fupi.

Jana jioni nilikwenda kumwomba Kate msamaha. Hakunipa wala hakuninyima. Alisema kwanza nikwambie wewe. Nimeing'oa ile spika, na majina yao matatu nimeyaandika tena daftarini bila ruhusa yako. Kama hilo nalo ni kosa, niadhibu kwa yote pamoja.

Jumapili nitaiweka simu palepale kwenye stuli. Nimemsihi Kate aje, na amesema atakuja. Ukiwa na moyo huo, anza na jina lake, umalizie na letu. Hutasikia kitu, Baba. Ujue tumeitika.

Mpe Kamene mkono wangu, na umwambie nguo za watoto zimefika salama. Mungu akuongezee nguvu, hata kama ni za kunigombeza.

Mwanao aliyekukosea,
Nzivo Mulwa