Tumbaku ya Shangazi Juu ya Vichwa vya Jumuiya

Jumamosi. Ukungu umeshuka mpaka mlangoni mwa jiko. Leo hapa Uru hata mbuzi wako humwoni, unamsikia tu. Lakini mimi nina furaha, acha niiseme.

Wanaonijua wanajua: nimekula ugali wa Lubumbashi na mkate wa Durban. Shule niliishia la saba, tena kwa kusukumwa, ila dunia nimeisoma nikiwa juu ya lori. Kitu kimoja tu kimenishinda maishani: kungoja. Ndiyo maana nilipojigamba kilabuni kwamba tumbaku ya Shangazi Felista safari hii nitaikausha mimi, watu walicheka mpaka mbege ikamwagika.

Shangazi ndiye aliyenilea. Ugoro wake huutengeneza mwenyewe. Ule wa sokoni anauita vumbi la barabarani. Mavuno yaliyopita yalimwotea kuvu, akasema basi, mikono yake imechoka. Tangu hapo kikopo chake cha ugoro ni kitupu, na yeye kapoa kama nyumba iliyozimwa redio.

Nani angevumilia?

Nikayatunga majani kwenye kamba, nikayatundika barazani yanyauke taratibu kivulini. Yameanza tu kuwa ya njano, manyunyu haya. Nikaona doa jeupe kwenye jani moja: kuvu. Jioni hiyo hiyo nikazihamishia kamba zote sebuleni, zikaning'inia: juu ya makochi, juu ya televisheni, mpaka ubavuni mwa picha ya Bikira Maria.

Mama Glori, mke wangu, aliangalia juu, akaniangalia mimi. "Jumamosi jumuiya inasali hapa. Utayatoa."

Sikuyatoa. Kuyarudisha kwenye ukungu ni kuyazika.

Basi leo asubuhi wanajumuiya wameingia wakiinama kama wanapita chini ya migomba. Mwenyekiti akagoma mlangoni.

"Baba Glori, hii si ile inayofungisha watu jela?"

"Ingia mwenyekiti, hii inafungua pua tu."

Rozari ikaanza. Mdomo wangu ulikuwa kwa Mungu, macho kwa Shangazi, aliyekuja na wenzake akakaa chini ya majani. Hakutazama juu hata kidogo. Nikasema moyoni, nimekwisha.

Mara, katikati ya litania, akainua fimbo yake, akavuta jani moja. Akalikunja. Halikuvunjika, likalala mkononi kama ngozi laini. Akalinusa. Akasaga ncha yake kavu kiganjani, akavuta puani, na mwenyekiti alipofika kwenye Amina, Shangazi akapiga chafya. Naapa picha ya Bikira Maria ilitikisika.

Mimi nimeona maporomoko ya Viktoria. Hayakunifurahisha hivyo.

"Bado ni kali," akasema, machozi yakimtoka. "Yafunge kwenye majani makavu ya mgomba, yalale mpaka hasira iyaishe. Magadi na kusaga ni baadaye. Na wewe usiyakimbie, mtoto wa kaka. Wewe hata chai hungoji ipoe."

Jumuiya nzima ikacheka. Mama Glori ndiye aliyecheka zaidi, nimemwona.

Walipoondoka nikakuta kikopo cha Shangazi juu ya televisheni. Kakiacha. Kinangoja ugoro wangu.

Mchana dereva mmoja rafiki yangu kapiga simu: kuna safari ya Lusaka, anataka mtu wa kwenda naye. Nimemwambia nina kazi. Kazi gani? Nikamwambia, nalinda majani yaliyolala.

Amecheka mpaka kakata simu. Na acheke. Kikopo kimeachwa kwangu, si kwake.