Nyasi kwa Ajili ya Ndege

Jumatatu, 3 Juni. Muleba.

Kwako daftari, salaam kwa heshima zote. Kusudi langu ni kuandika bila mapambo habari za ndege, tangu leo hadi uamuzi utakapotolewa.

Asubuhi nimefunga sampuli za kahawa za chama chetu cha wakulima, ambacho mimi ni karani wake, kama kila Jumatatu. Vifuko kumi na viwili, lakiri juu ya kila fundo. Zitakwenda Bukoba kwa lori, Kisumu kwa meli, Nairobi kwa treni. Zikifika, wanunuzi wameshachagua za wengine. Msimu uliopita zilifika zimeota ukungu, na kahawa yote ya Muleba ikahukumiwa kwa ukungu ule.

Saa sita tarishi ameleta barua. Kampuni mpya ya ndege imejibu ombi langu la kurasa nne. Ndege ya majaribio itakuja Bukoba Jumatano, tarehe 19. Ikitua salama, Bukoba itakuwa kituo cha kila wiki, na sampuli zitafika Nairobi siku ile ile. Isipotua, kituo kitapewa mji mwingine. Jaribio ni moja tu.

Nimeisoma mara tatu nikiwa nimesimama. Furaha kubwa.

Alhamisi, 6 Juni.

Mkutano wa kamati. Shemeji yangu Rwegasira, ambaye ndiye mwenyekiti, ameuliza mbele ya watu wote: "Shemeji, hiyo ndege itabeba kahawa, au itabeba barua zako tu? Maana kwa barua zako pekee itajaa." Kamati nzima imecheka. Hata mzee Byabato, ambaye hasikii vizuri, amecheka baada ya wengine.

Nimeumia. Nimejibu kwamba kejeli hazisafirishi kahawa. Mwishowe wamepitisha azimio: nisimamie matayarisho ya uwanja kwa niaba ya wakulima. Bwana DC, mkuu wa wilaya, naye amekubali.

Azimio nimeliandika mwenyewe. Limekaa vizuri.

Jumanne, 11 Juni. Bukoba.

Nimepanga kwa Bwana Salumu, fundi cherehani. Mtu muungwana, hupika pilau kila mgeni anapofika.

Uwanja uko karibu na ziwa. Mbuzi wengi. Vichuguu vingi. Wanawake wa Kitendaguro na Rwamishenye wamekuja na majembe, wakiongozwa na Ma Anastazia, mjane mwenye sauti ya kengele. Wanaume wanabeba mawe na kuyapaka chokaa. Mawe hayo yatapangwa pande zote mbili ili rubani ayaone kutoka juu.

Kampuni imetaka pia mfuko mrefu wa kitambaa juu ya mlingoti, wa kuonyesha upepo unakotoka. Bwana Salumu ameushona kwa kitambaa cha kanzu. Ameutazama ukijaa upepo, akasema: "Nimeshona kanzu miaka ishirini. Hii ndiyo ya kwanza isiyolalamika shingoni."

Jumamosi, 15 Juni.

Kazi imekwisha. Nimetembea uwanja mzima kutoka mwanzo hadi mwisho. Hakuna shimo, hakuna kichuguu. Udongo mtupu mwekundu.

Utupu huo umeniudhi. Nyumbani kwetu, mgeni wa heshima akitarajiwa, sakafu hutandazwa nyasi mbichi. Hata maskini hutandaza. Mgeni akikanyaga udongo, aibu ni ya mwenye nyumba. Sasa tunangoja mgeni ambaye hajapata kufika katika nchi hii, na tumemwandalia udongo.

Nimeamuru nyasi zikatwe.

Bwana Salumu ameuliza kama barua ya kampuni imesema hivyo. Nimemjibu kwamba barua haikukataza.

Jumanne, 18 Juni.

Wanawake wametandaza kutwa nzima wakiimba. Nyasi laini, nene, zimelazwa upande mmoja kama nyumbani kwa Mukama, mfalme wetu. Zimefika hadi kwenye mawe, na mahali pengi zimeyafunika. Uwanja unapendeza kupita maneno. Nimejivuna.

Rwegasira amewasili kwa lori pamoja na sampuli. Ametazama, kisha amepita pembeni ili asizikanyage.

Jumatano, 19 Juni.

Naandika usiku huu kwa Bwana Salumu.

Saa nne ndege imetokea upande wa ziwa. Watu wamejaa hadi barabarani. Bwana DC amevaa kofia yake nyeupe. Ndege imeshuka chini kabisa, tukaona magurudumu. Halafu imenguruma na kupanda tena.

Imezunguka. Imeshuka mara ya pili. Imepanda tena.

Bwana DC ameniuliza, bila kunitazama, ni nani aliyeweka majani uwanjani. Hapo nimeelewa. Mawe hayaonekani. Udongo hauonekani. Aliye juu hawezi kujua kama chini kuna ardhi ngumu au kinamasi. Heshima yangu imefunga mlango.

Nimesema: "Ni mimi, Bwana." Sijapata kusema sentensi fupi kama hiyo mbele ya serikali.

Ma Anastazia alikuwa nyuma yangu. "Karani, mgeni amekataa nyumba."

"Zitoeni, Ma. Zote."

"Jana utandaze, leo uzoe. Wewe baba, ungekuwa mume wangu ningerudi kwetu." Lakini alikuwa ameshavua kanga ya mabegani na kuitandika chini. Amepiga ukelele mmoja wa Kihaya na wanawake wote wameingia uwanjani mbio. Nami nimeingia. Rwegasira ameingia na viatu vyake vya Jumapili. Bwana Salumu ameinua kanzu hadi magotini na kubeba nyasi kifuani. Masista wa Kashozi, waliokuja kutazama tu, wamebeba kwa aproni.

Hapakuwa na nafasi ya kuzipeleka mbali. Kwa amri ya Ma Anastazia tumezitupa pembeni, juu ya mstari wa mawe, upande huu na upande ule. Ndege ilikuwa imekwenda juu ya ziwa, imekuwa ndogo kama nzi. Nilidhani inaondoka. Nilijiona nikirudi Muleba bila kitu na nikitajwa kwa kosa hili hadi kufa kwangu.

Imegeuka.

Imeshuka mara ya tatu. Magurudumu yamegusa udongo, yameruka kidogo, yamegusa tena. Vumbi jekundu. Imesimama karibu na mlingoti. Kelele za watu zimekuwa kubwa kuliko injini.

Rubani ni kijana mrefu mwenye Kiswahili cha jeshini. "Juu mimi naona majani tupu. Mimi nasema, hii matope. Mafuta kidogo, mara moja tena, basi mimi rudi Mwanza. Halafu naona mistari mbili ya kijani, nyoosha kabisa. Hiyo nzuri kushinda mawe. Nani fikiri hii?"

Bwana DC amenitazama. Sikuweza kusema uongo. Nimemwonyesha Ma Anastazia.

Ma amempa rubani kahawa ya kutafuna kutoka kifuko chake cha majani ya migomba. Rubani ameuliza kama inamezwa. Wanawake wamecheka hadi kushikana mabega. Kisha vifuko kumi na viwili vimeingia ndani ya ndege, mbele ya macho yangu.

Tumeshinda.

Jumanne, 2 Julai. Muleba.

Uamuzi umefika, umepigwa chapa. Bukoba ni kituo, kila Jumatano. Sampuli zetu zilifika Nairobi siku ile ile kabla ya jua kuzama, zikiwa kavu. Kampuni inaomba mistari ya nyasi pembeni ipandwe na itunzwe daima.

Rwegasira amesoma barua yote kwa sauti mbele ya kamati, pamoja na anwani. Halafu ameomba nimwandikie nakala aitundike sebuleni kwake.

Kuna jambo la mwisho katika barua. Wakulima watoe mtu mmoja wa kufuatana na sampuli katika safari ya kwanza ya kudumu, Jumatano ya tarehe 10. Kamati imenitaja mimi. Hakuna aliyecheka.

Alhamisi, 4 Julai.

Siku tulivu. Nimeanika kahawa. Mvua haikunyesha.

Mke wangu hajasema lolote tangu juzi. Jana alipiga pasi suti yangu, kisha akairudisha sandukuni. Sijui maana yake. Kwa kuwa mdomo wangu si hodari kama kalamu, nimeandika haya na kuyaweka chini ya kikapu chake cha maharage:

Kwa Mama Editha, salaam kwa heshima zote. Mwombaji ni mumeo. Ametajwa kupanda ndege. Anaogopa sana, na anataka kwenda. Hatakwenda bila idhini yako. Naomba uamuzi kabla ya Jumatano.