Boti ya Kobe na Kifo cha Baba Yako

Nyumba ya Wazee,
Chumba cha mwisho, ghorofa ya chini.
Jumatatu, 9 Machi.

Mpendwa binti wa mdogo wangu,

Salamu nyingi, mwanangu. U mzima? Na yale magoti, yameacha kukusumbua? Mimi kifua kimejaa maji. Daktari ameacha kunigombeza kuhusu sigara, nami nimeelewa maana yake.

Uliniomba historia ya boti yetu ya vita, mwanao aisome kabla ya kujiunga na jeshi la majini kama babu yake shujaa. Haya.

Ilikuwa boti ya kuvulia samaki. Vita vilipoanza wakaipaka rangi ya kijivu, wakaifungia mzinga mmoja, tukatumwa kulinda meli za mizigo. Kwa mwendo wake tuliiita Kobe. Mzinga ule ulizamisha boya letu wenyewe, basi. Vita vilipokwisha, Kobe akauzwa kama chuma chakavu.

Baba yako hakuuawa na adui. Huo uongo niliutunga mimi.

Alikuwa mpishi wetu. Bahari ikichafuka, anayekwenda nyuma kumwaga makombo hufungwa kamba kiunoni, mwenzake akiishika. Mabaharia walimcheka: "Mbuzi wa nahodha huyo, anapelekwa malishoni!" Wakanicheka na mimi niliyemshikia kamba, mchunga mbuzi. Siku ya dhoruba nikamfungua mbele yao.

"Nenda kama mwanamume."

"Kaka, unanitania?"

Nikamsukuma begani. Wakashangilia.

Wimbi likamzoa. Alipoibuka akapiga kelele, "Kaka, kamba!" Nilikuwa nayo mkononi. Lakini wenzangu walikuwa wanacheka, nami nikacheka kwanza. Nilipoirusha haikumfikia. Nahodha hakugeuza boti. Meli za mizigo zingebaki bila mlinzi. Tulimsikia, kisha hatukumsikia.

Mchana ule tulikula alichokuwa amepika. Nami nilikula.

Mama yako nilimwambia ni risasi za adui. Alinishika mikono yote miwili, akanishukuru kwa kuwa naye hadi mwisho.

Usimsomee mwanao nusunusu. Akitaka bado kwenda, aende kwa akili yake, si kwa ajili ya shujaa wangu wa kutunga. Nawe usipokuja kunizika, sitakulaumu.

Nisalimie shangazi yako na mumeo. Mungu akutunze kuliko nilivyomtunza baba yako.

Ni mimi nikupendaye, hata ukinikana,
Baba yako mkubwa.