Baba Zuhura, Wanataka Niseme Nilikuua

Mpenzi Baba Zuhura,

Salamu nitaziacha. Nikikuuliza hali nitakuwa najicheka mwenyewe, maana hali yako naijua: uko Ipole, nyuma ya nyumba ya marehemu baba yako, na mvua za kwanza zimeshaanza kulibomoa tuta la kaburi lako. Nakuandikia wewe lakini naandika wazi, asome atakayesoma. Yanayosemwa juu yangu nayo yanasemwa wazi, bombani, sokoni na kwenye foleni ya mashine ya kusaga.

Kabla sijakwambia walilonifanyia ndugu zako, acha nikukumbuke kidogo kwa raha, kwa sababu siku hizi kila anayekutaja anataja mamba tu.

Unakumbuka ulivyokuja kibarazani kwangu Ng'ambo, pale Tabora mjini ninaposhonea, ukaomba uzi? Hukutaka kushonewa nguo, ulitaka uzi tu, mwekundu, mwembamba. Nikakuuliza, "Kaka, unafunga kidonda au unafunga mzigo?" Ukatoa mfukoni ndoano na manyoya ya shingo ya jogoo, ukakaa kwenye benchi la wateja ukaanza kuyafunga kwenye ile ndoano, ulimi umeutoa nje kama mtoto wa chekechea anayejifunza kuandika. Ulipomaliza ukaniwekea kiganjani kidudu chenye mabawa. Weee! Nilikitupa chini kwa kelele nikidhani kitaniuma, na wewe ukacheka mpaka shoga zangu wakageuka kututazama. Jioni ile mama aliniuliza, "Yule wa manyoya ni nani?" nikaona aibu kujibu.

Ulijifunza mambo hayo kwenye kambi ya wawindaji wa kitalii ulikokuwa mpishi. Mzungu mmoja mzee alichoka kuwinda, akawa anakaa mtoni na ufito mrefu na nzi wake wa manyoya, akakusimulia habari za samaki anayeitwa trauti, anayeishi kwenye maziwa na mito ya milimani kwao, maji baridi mpaka mguu unakufa ganzi, na kila kiangazi watu wanapanda huko kumvua kwa nzi wa bandia. Ulinisimulia kana kwamba ulimvua wewe. Ulisema hata kwetu, kwenye milima ya kusini, yupo, na siku moja utanipeleka. Nikakwambia mimi baridi ya Tabora ya mwezi wa saba inanitosha, sina haja ya kuitafuta nyingine kwa nauli. Ukanuna siku nzima. Ningejua, ningekubali.

Badala ya milimani tukaenda bwawa la Igombe. Kila Jumapili nisipokuwa na nguo za harusi za kushona, baiskeli, mihogo ya kuchemsha, na ufito wako umeufunga kwa kamba ya mpira. Wavuvi wa nyavu pale bwawani walikuwa wanakusubiri wakucheke. "Jamaa anavua kwa kuku!" walikuwa wanapiga kelele. Wewe hata huwajibu. Unasimama, unaupeleka mshipi nyuma, unauacha unyooke, unauleta mbele, nzi anatua juu ya maji taratibu. Ulinifundisha na mimi. "Usitupe kwa hasira, mke wangu, huu si ugomvi." Mara ya kwanza nikanasa khanga yangu mwenyewe. Mara ya pili nikanasa kofia yako ya sala. Halafu nikapata perege mmoja wa kiganja, nikaruka ruka pale kama mwendawazimu, na wale waliokuwa wanatucheka wakanipigia makofi. Sijawahi kuwa na furaha kama ile, Baba Zuhura, hata siku ya harusi yetu.

Baadaye kufunga manyoya nikakushinda. Ungenishindaje, vidole vyangu vimekulia kwenye sindano? Nikawa nakufungia nzi wa manyoya ya kanga na ya jogoo, na ukienda mto Ugalla kila kiangazi unawabeba kwenye kopo la mafuta ya kujipaka. Ndugu zako walikwenda kurina asali na kutega nyavu, wewe ulikwenda na ufito. Shemeji Mrisho, kaka yako mkubwa, alikuwa anasema mdogo wake kaharibiwa akili na Wazungu, lakini yule samaki mwenye milia na meno ya nje ukimletea anakula mpaka kichwa.

Na kila ulipoondoka, mwiko. Mimi ni mtoto wa mjini, mwiko huo niliukuta kwenu. Mume akiwa porini, mke atulie, maana mke akichepuka huku, anayelipa ni mume kule: nyuki watamvamia, nyoka atamgonga, mnyama atamkamata. Nilikuuliza, "Na mume akichepuka huko porini, mimi huku nitaumwa na nini?" Ukacheka, ukasema, "Na cherehani." Tulicheka, lakini niliushika. Sikuushika kwa kuogopa nyuki. Niliushika kwa sababu nilikuwa nakupenda na sikuwa na mwingine, basi.

Kiangazi hiki ukaenda tena, upande ule wa mto ambao watu wa hifadhi bado wanawaruhusu. Mto ulikuwa umekatika vipande vipande, umebaki madimbwi, samaki wamejazana humo na mamba wamejazana humo humo. Uliniambia hivyo mwenyewe kwa simu, ulipopanda kichuguu kutafuta mtandao. Nikakwambia, "Usiingie majini." Ukasema, "Mimi ni mtu wa ukingoni." Ndiyo sauti yako ya mwisho niliyoisikia.

Walikuleta Ipole ukiwa umeshafungwa sanda. Nikaomba nikuone uso. Shemeji Mrisho akasema, "Hakuna cha kuona." Nikaelewa, nikakaa chini.

Nikarudi mjini, nikaingia eda. Nilidhani kukaa ndani kutanipa nafasi ya kulia, kumbe kuliwapa nafasi ya kusema. Lilianzia wapi sijui. Nilichosikia ni kwamba ulipokuwa mtoni, mwanamume alionekana akitoka chumbani kwangu adhuhuri, anajifuta jasho. Ni kweli, alitoka. Alikuwa Mzee Saidi, fundi wa cherehani, ambaye unamfahamu, mzee asiye na jino hata moja la kutafunia mkate, amekuja kunibadilishia mkanda wa mashine. Zuhura alikuwepo, ndiye aliyemshikia taa, chumba chetu unakijua kilivyo na giza hata mchana. Leo huyo ndiye hawara yangu! Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Mzee wa watu kaacha hata kupita mtaani kwetu kwa aibu. Na majirani niliowashonea sare za watoto wao kwa mkopo wakawa wanapeana lile neno lao, lisemwalo lipo.

Kama yangeishia kwenye midomo ningevumilia. Lakini kule kwenu hakuna aliyekubali kurudi mtoni. Wazee walisema kosa lazima litajwe na aliyelifanya, kwa mdomo wake, mbele ya ukoo, ndipo kambi isafishwe na watu warudi kwenye mizinga. Asali imeiva, nyegere wanaipasua mizinga, na mimi ndiye ninayewazuia. Wakaniletea ujumbe: eda ikiisha, uje useme. Ukisema, yataoshwa, tutasamehe, utabaki na mtoto wako. Usiposema, Zuhura anakuja kwa baba zake, maana mtoto hawezi kulelewa na mikono iliyomuua baba yake.

Soma hapo tena, Baba Zuhura. Mikono iliyomuua baba yake.

Katikati ya eda akaja Jumanne. Rafiki yako, mwenzio wa kambini, aliyekuwa na wewe siku ile. Hakuingia, alichutama nje ya pazia la mlango, na mimi ndani.

"Shemeji, wewe huna kosa," akasema. "Nilikuwepo. Nzi wake alinasa kwenye kisiki, katikati ya dimbwi. Nikamwambia kata mshipi, funga mwingine. Akasema, huyu kamfunga mke wangu, simwachi. Akakunja suruali."

Nikamuuliza kama maji yalikuwa mengi.

"Ya magoti, shemeji. Ya magoti tu."

Nilitaka kukupiga. Wallahi, kama ungekuwa karibu ningekupiga kwa mikono miwili. Ndoano na manyoya ya kuku, kitu ninachokifunga huku naangalia ugali usiungue! Ningekufungia wengine kopo zima! Halafu nikalia kwa sababu nilijua ulivyosema hilo neno, najua hata uso uliokuwa nao. Umenipenda vibaya, mume wangu. Mwenye akili angekata mshipi.

Nikamwambia Jumanne, "Haya uliyoniambia, yaseme mbele ya wazee." Nikamsikia anasimama aondoke. Nikarudia. Akasema, "Shemeji, nikisema hivyo wataniuliza mimi kwa nini nilimwacha aingie. Mamba nilimwona asubuhi ile upande wa pili. Nilidhani yuko mbali." Kisha akasema nimwombee, akaondoka. Mimi nimwombee yeye!

Eda ikaisha. Nikavaa, nikamshika Zuhura mkono, tukapanda gari la Sikonge mpaka Ipole. Walikuwa wamekaa uani, wanaume mkekani, mama yako amejifunika khanga usoni, hakunitazama. Nikaamkia, "Shikamooni." Wakaitikia wawili watatu. Jumanne alikuwepo, amekaa nyuma kabisa, anachora chini kwa kijiti.

Shemeji Mrisho hakuwa mkali. Hilo ndilo lililoniumiza zaidi, nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Alisema kwa upole, "Mama Zuhura, hapa hakuna anayekuchukia. Binadamu huteleza. Sema tu, 'Niliteleza.' Hata jina la mtu hatulitaki. Watu warudi kazini, na mdogo wangu apumzike."

Nikasema, "Shemeji, sikuteleza. Jumanne anajua alivyokufa mdogo wako. Muulizeni."

Wote wakageuka. Jumanne akaacha kuchora. Akasema, "Mimi nilikuwa natafuta kuni. Sikuona kitu."

Baba Zuhura, nilimwita muongo pale pale mbele ya wazee, kwa sauti, na nikamwambia atakufa na maji ya magoti kooni. Haikunisaidia. Mwanamke akipiga kelele mbele ya wazee wa kwenu ameshajitia hatiani. Mzee mmoja akatikisa kichwa, akasema, "Mnaona?" Shemeji akaniuliza mara ya mwisho, bado kwa upole ule ule. Nikasema sikuteleza. Akasema, "Basi," akaagiza begi la mtoto liletwe.

Nilikuwa nimelifunga mwenyewe usiku wa kuamkia siku hiyo, kwa lolote litakalotokea. Sweta, daftari, mafuta ya nywele.

Sasa nisikilize, maana kilichonifanya nikuandikie ni hiki. Wakatupa nafasi ya kuagana, nyuma ya banda la tumbaku. Zuhura alikuwa halii. Mwanao ana akili, unamjua, alikuwa amesikiliza kila kitu na amekwishafikiri. Akanivuta khanga, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mama, si useme tu ndiyo? Useme, halafu twende nyumbani."

Nikamwambia, "Si kweli, mwanangu."

"Najua si kweli. Mzee Saidi nilimshikia taa mimi." Kisha akasema, "Kwani baba atasikia?"

Nilimshika kichwa nikakiweka tumboni kwangu. Neno lenyewe lilikuwa mdomoni. Ningezunguka lile banda, hatua chache, ningesema niliteleza, na jioni ile mwanangu angelala kitandani kwangu. Watu wanasema uongo kwa mambo madogo kuliko hilo kila siku ya Mungu. Lakini niliona miaka inayokuja, Zuhura mkubwa, kila anapopita watu wanasema mama yake ndiye yule aliyemuua mumewe kwa uhawara, na alikiri mwenyewe, na yeye anabaki peke yake akijua si kweli, na siku moja anachoka kujua. Na nikakuona wewe umekunja suruali. Kama ningesema, ungekuwa umekufa kwa ajili ya mwanamke wa hivyo.

Sikusema. Nimepanda gari peke yangu.

Shangazi yangu ananiambia niende ustawi wa jamii, niende mahakamani, sheria siku hizi inamtazama mtoto. Nitakwenda, nitapigana, hilo ujue. Lakini itachukua muda, na Zuhura kila siku inayopita anajua kitu kimoja: kulikuwa na neno la kumrudisha nyumbani, alimwomba mama yake alitamke, na mama yake hakulitamka. Hajui kuhusu nzi. Sikuwahi kumwambia. Ningeanzaje kumwambia mtoto kitu kama kile?

Nikilala naona nimefanya sawa. Nikiamka nikakuta shuka lake limekunjwa, naona nimemtupa mtoto kwa ajili ya jina langu. Ungekuwepo ungeniambia ni lipi, na ungeniambia bila kupaza sauti. Hukuwahi kunipazia sauti.

Mungu akulaze pema, mume wangu. Leo nimekasirika na wewe, lakini nitakuombea hivyo hivyo.

Mkeo, ambaye mtaani bado wanamwita

Mama Zuhura